Karatasi ya Damu na Heshima za Watu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa akili ya kutafuta yaliyofichika ndani ya mwili wake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, limezuka katika miji yetu ya pwani jambo ambalo si halali kwetu kulinyamazia. Mke mja mzito apelekwa kliniki kutazamwa. Huko hutolewa damu, na pamoja na vipimo vingine hupimwa kile kiandikwacho kwa herufi TORCH, yaani kundi la maradhi yanayoweza kumdhuru mtoto tumboni: toksoplasma, rubela, saitomegalovirusi, herpesi na mengineyo. Karatasi hutoka. Mume aipokea, aona mbele ya neno herpesi imeandikwa kuwa yamo, naye hana wa kumuuliza ila simu iliyo mkononi mwake. Simu yamwambia kuwa hayo ni maradhi ya zinaa. Basi kabla ya adhana ya Magharibi mke yuko kwa wazazi wake na nguo zake, na kabla ya Isha khabari imekwisha kufika barazani.

Jambo la namna hii limeletwa mbele ya darsa yetu si mara moja. Wa mwisho kutujia ni kijana aliyeoa tangu miaka minne, mkewe ana mimba ya miezi sita, wala kabla ya siku ile hakupata kumshuku kwa lolote. Aliuliza mambo mawili. Je, ana haki ya kuivunja ndoa kwa aibu hii? Na je, mtoto aliye tumboni ni wake? Suala hilo la pili ndilo lililotutetemesha, kwani mtu hukana mtoto kwa neno moja, na mtoto huyo akaishi na neno hilo mpaka kaburini.

Kanuni ya wanazuoni ni kwamba hukumu ya kitu haitolewi ila baada ya kukijua kitu chenyewe. Kwa hivyo kabla hatujafungua vitabu vya fikihi tuliwaendea matabibu tukawauliza, na tukasoma waliyoyaandika wenye ilimu hiyo. Wako watakaosema: masheikh wana nini na mambo ya maabara? Imepokewa kwamba Imamu Shafi amesikitika sana kwa Waislamu kuipuuza ilimu ya utibabu na kuwaachia watu wengine. Sisi twadai kuwa wafuasi wa madhehebu yake, lakini katika hili hatujamfuata hata hatua moja.

Herpesi si ugonjwa mmoja. Ni jina la ukoo mzima wa virusi, na waliozoea kukaa katika miili ya wanadamu ni wanane. Wengine huhisabu tisa, kwa kuwa mmoja wao wamemgawa mara mbili. Wote wana tabia moja: akishaingia mwilini hatoki tena. Hulala, na huweza kuamka baada ya miezi au miaka. Tetekuwanga tuliyougua sote utotoni yatokana na mmoja wao, na virusi hivyo hivyo vikiamka kwa mtu mzima ndivyo viletavyo mkanda wa jeshi. Mwingine ni yule aliyetambuliwa mwaka 1964 na Epstein, Achong na Barr huko London, katika uvimbe wa taya wa watoto waliotibiwa Uganda, uvimbe ambao daktari Burkitt alikuwa ameueleza mwaka 1958. Mwingine ni saitomegalovirusi, ambaye hupitia katika mate na mikojo ya watoto, na watu wazima wengi wa nchi zetu wamekwisha kukutana naye tangu wangali wakitambaa. Tumewataja hawa ili msomaji ajue ya kwamba neno herpesi peke yake halina fedheha ndani yake. Mwenye kulitetemekea neno hili na aanze kumtetemekea mtoto wake aliyetoka tetekuwanga.

Kati ya waliobaki wako wawili wenye kuleta malengelenge. Aina ya kwanza hupenda mdomo. Ni vile vidonda vidogo vya maji vitokavyo pembeni mwa mdomo baada ya homa, na wazee wetu husema ni homa inatoka. Hupatikana kwa mate na kwa kubusiwa, na kwetu sisi wengi huipata utotoni, pale nyanya anapompakata mjukuu, na mama wadogo na mashangazi wakampokezana na kumbusu. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba aina hii imo ndani ya watu zaidi ya bilioni tatu walio chini ya miaka 50. Fikirini basi: zaidi ya nusu ya watoto wa Adamu! Aina ya pili hupenda sehemu za siri, na hiyo kwa kawaida hupatikana kwa kuingiliana. Hili hatutalificha, kwani hatukuja kuzipaka maneno rangi. Lakini mpaka si ukuta: aina ya kwanza nayo huweza kushuka chini, na katika baadhi ya nchi za Ulaya na Marekani wengi wapatao vidonda vya chini kwa mara ya kwanza siku hizi wanavipata kwa aina hiyo ya mdomo.

Na jambo kubwa kuliko yote ni kwamba wengi wenye aina ya pili hawajui kuwa wanayo. Hawajapata kidonda hata kimoja, au walipata mchubuko mdogo wakadhani ni joto au nguo. Virusi hulala katika mizizi ya mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, mahali ambapo jicho halifiki wala dawa haivitoi.

Sasa tuje kwenye damu. Katika mahakama ya Kadhi shahidi haulizwi tu "wasemaje?" Huulizwa umeona nini, umeona lini, umeona wapi, na je, wewe mwenyewe ni mwadilifu? Nasi tumfanyie shahidi huyu wa karatasi kama tunavyowafanyia mashahidi wengine.

Ameona nini? Hakumwona virusi. Damu inapopimwa hutafutwa kingamwili, yaani wale askari ambao mwili huwaandaa baada ya kushambuliwa. Ni sawa na mtu kupita njiani akaona nyayo, akasema: hapa amepita mtu. Nyayo ni dalili, hatukatai. Lakini nyayo hazisemi aliyepita alikuwa akienda msikitini au akienda kuiba.

Ameona lini? Hajui. Askari hao huchukua wiki kadhaa kuandaliwa, na kwa baadhi ya watu hufika miezi mitatu au kupita; kisha hubaki maisha yote. Kwa hivyo karatasi ya leo yaweza kuwa yatoa khabari ya mwaka jana, au ya miaka ishirini nyuma, au ya mume wa kwanza aliyekwisha kufariki. Na yaweza kuwa yatoa khabari ya mume huyu huyu anayeishika mkononi na kuitikisa. Tena aliyeambukizwa juzi huweza kupimwa akaambiwa hana kitu.

Ameona wapi? Hajui pia. Damu yazunguka mwili wote. Ikiwa kingamwili ni za aina ya kwanza, damu haiwezi kusema kama virusi vimelala mdomoni au kwengineko.

Je, ni mwadilifu? Hapa ndipo penye msiba. Askari wa mwili ni wa namna mbili katika karatasi hizi, IgM na IgG. Watu wamezoea kuambiwa kuwa IgM ni dalili ya maradhi mapya na IgG ni ya maradhi ya zamani, na katika baadhi ya maradhi ni kweli. Katika herpesi si kweli. IgM ya herpesi huinuka tena wakati virusi vya zamani vikiamka, na huweza kuonekana kwa sababu ya ndugu mwingine wa ukoo ule ule, na hata bila ya sababu inayojulikana. Idara ya kupambana na maradhi ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, imesema kipimo hicho kisitumiwe. Lakini hapa kwetu kingali kinapimwa na kuuzwa. Yule kijana wetu alipotuletea karatasi yake tuliisoma pamoja na tabibu: IgM imeandikwa kuwa ipo, wala haikutajwa ni aina ya kwanza au ya pili. Hiyo ndiyo iliyomrudisha binti wa watu kwao! Shahidi aliyekwisha kukataliwa kwa uwongo, asiyeweza hata kumtaja mtu aliyemwona.

Kipimo cha IgG chenye kutenganisha aina ya kwanza na ya pili ni bora zaidi, nacho ndicho kinachofaa mtu akihitajia. Lakini nacho kina udhaifu wake. Matokeo hutolewa kwa nambari, na wenye maabara huhisabu kuwa iliyozidi 1.1 ni "yamo". Uzoefu umeonyesha kwamba nambari za chini, zisizofika 3, mara nyingi ni makosa, na mwongozo ule ule wasema zisikubaliwe mpaka zithibitishwe kwa kipimo cha pili cha namna nyengine. Huu ndio ule utakaso wa mashahidi tunaoujua sisi: shahidi asiyejulikana uadilifu wake hutafutiwa wa kumtakasa. Na utafiti uliofanywa Uganda umeonyesha kwamba baadhi ya vipimo hivi hukosea zaidi katika damu za watu wa huko kuliko vilivyokosea mahali vilipotengenezwa. Mwezi wa Novemba mwaka 2023 serikali ya Marekani yenyewe, kupitia idara yake ya dawa, iliwaandikia matabibu kuwatahadharisha na majibu ya uwongo ya aina ya pili.

Twapenda msomaji aishike hisabu hii, nayo ni ya mfano tu. Wachukue wanawake 100 wasio na dalili yoyote, na tuseme 10 kati yao kweli wana virusi vya aina ya pili. Kipimo kiwagundue wote kumi. Wamebaki 90 walio salama, na tuseme kipimo hukosea kwa watano tu katika kila mia. Watakaosingiziwa hawatapungua wanne. Basi karatasi kumi na nne zimetoka zikisema "yamo", na nne kati ya hizo ni uwongo mtupu. Ni nani kati yenu, ewe mwenye kukaa barazani, awezaye kuzitambua zile nne kwa kuzitazama? Kwa sababu ya mambo haya jopo la matabibu la Marekani lishughulikalo na vipimo vya kinga lilishauri mwaka 2016, na likarudia mwaka 2023, kwamba watu wasio na dalili wasipimwe damu kutafuta herpesi ya sehemu za siri, kwa kuwa madhara yake yazidi manufaa. Nao ni watu wasio na khofu ya hadi ya kusingizia zinaa!

Sasa turudi katika sharia. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nur ameweka mashahidi wanne kwa mwenye kumtuhumu mwanamke mtaharamu, na akaweka mijeledi 80 kwa asiyeweza kuwaleta, na akaukataa ushahidi wake baada ya hapo. Hakuweka mashahidi watatu na karatasi. Mume naye aliwekewa njia ya kuapa, lakini maimamu wetu wa Kishafi hawakumruhusu kumtuhumu mkewe ila akijua kwa yakini, au akiwa na dhana iliyotiwa nguvu, kama khabari kuenea pamoja na dalili nyengine, mfano wa kuonekana wamejitenga wawili. Khabari peke yake haikutosha kwao, wala dalili peke yake. Basi vipi nyayo zisizojulikana ni za nani wala za mwaka gani?

Na kumkana mtoto kuna mlango mwembamba zaidi. Minhaj ya Nawawi, ambayo inasomeshwa katika misikiti yetu tangu zama za wazee wetu, haimfungulii mume mlango huo ila akijua kwamba mtoto si wake, kama ikiwa hakumwingilia mkewe kabisa, au mtoto amezaliwa kabla ya miezi sita. Mume anayelala na mkewe nyumba moja hana mlango. Mtoto ni wa kitanda, na kipimo cha herpesi hata kikiwa sahihi hakina uhusiano wowote na nasaba.

Tena tunayo hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim ya mtu wa kabila la Fazara aliyemjia Mtume (S.A.W.) akisema kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi, akimaanisha kumkana. Mtume hakumlaani wala hakumfukuza, bali alimuuliza khabari za ngamia wake. Akasema ni wekundu. Akamuuliza kama yumo wa rangi ya kijivu. Akasema yumo. Akamuuliza rangi hiyo imetoka wapi. Yule bedui akajibu mwenyewe kwamba huenda ni asili ya zamani iliyomvuta. Basi Mtume akamwambia huenda na mtoto wake ni vivyo hivyo. Tazameni mafunzo hayo! Mtu alikuja na dalili aionayo kwa macho yake, akarudishwa kwenye zizi lake akaone kwamba dalili moja ina sababu nyingi. Bedui huyo aliyejua ngamia alielewa. Sisi tulio na skuli na simu hatujaelewa.

Na khabari ya mama yetu Aisha (R.A.) haina haja ya kuelezwa kwa kirefu. Maneno yalienea Madina kadiri ya mwezi, na Mtume mwenyewe aliuliza na kupeleleza, wala hakumhukumu mpaka ulipoteremka wahyi wa kumtakasa. Ikiwa nyumba ile haikuvunjwa kwa uvumi, kwa nini nyumba ya Mombasa au Lamu au Malindi ivunjwe kwa kipimo cha shilingi elfu chache?

Hapa tuna neno na waume, na twaomba walisikilize bila ya hasira. Katika masuala yote haya tuliyoletewa, hakuna hata mume mmoja aliyekuwa amepimwa damu yake. Tulipouliza kwa nini, mmoja alijibu kwamba yeye haumwi. Na mkewe je, alikuwa akiumwa? Utafiti wa serikali ya Kenya wa mwaka 2007 uliopima damu za watu wa miaka 15 hadi 64 ulikuta aina ya pili kwa watu kama 35 katika kila 100, na kwa wanawake zaidi kuliko wanaume: kama 42 kwa 26. Asiyefahamu atasema: mwaona, wanawake ndio waovu. La! Matabibu wasema virusi hivi hutoka kwa mume kwenda kwa mke kwa wepesi zaidi kuliko kutoka kwa mke kwenda kwa mume, kwa sababu ya maumbile. Basi nambari hizo ni hoja juu yetu sisi wanaume kabla hazijawa hoja juu yao. Mume aliyesafiri miaka, akaoa huku na akaacha kule, akarudi mjini akaoa binti wa nyumbani, huyo ndiye apasiwaye kuanza kujiuliza. Na mume mwenye wake wawili akiletewa karatasi ya mmoja, akaenda kumtuhumu, amesahau kwamba yeye ndiye njia inayounganisha nyumba mbili.

Wala mtu asifahamu kuwa twasema maradhi haya ni mchezo na yapuuzwe. Aina ya pili humfanya mtu awe karibu mara tatu zaidi katika hatari ya kuambukizwa virusi vya ukimwi. Na mtoto mchanga akiipata herpesi, iwe ya aina gani, huweza kufa au kudhurika ubongo. Hutokea kwa nadra, lakini ikitokea ni balaa. Hatari kubwa ni kwa mama aliyeambukizwa mara ya kwanza karibu na kuzaa. Yule aliyekuwa nayo tangu zamani hupitisha kwa mtoto kinga yake pia. Kwa hivyo mja mzito mwenye vidonda, au mwenye kujua kuwa aliwahi kuvipata, na amweleze mkunga bila ya haya. Akiwa na vidonda wakati wa uchungu, mtoto hutolewa kwa kupasuliwa. Vilevile mwenye kidonda cha mdomo asimbusu mtoto mchanga, awe nyanya au awe sheikh aliyeitwa kumfanyia tahniki. Hili la tahniki twalisisitiza, kwa sababu tende hutafunwa kwanza mdomoni mwa mtu, na mwenye kidonda ni lazima aseme wazi: leo sifanyi mimi.

Aliye na kidonda na aende hospitali kidonda kingali kibichi. Huko hupanguswa kwa pamba na kupimwa virusi vyenyewe, na ushahidi huu ni wa nguvu kuliko wa damu, maana huyu amemwona mtu mwenyewe wala hakuona nyayo. Dawa iko, yaitwa asiklovia, si ya bei kubwa. Haiwatoi virusi mwilini lakini hufupisha maumivu na ikinywewa kila siku hupunguza kurudi kwa vidonda na kuambukiza. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Ama wale wanaouza chupa za mizizi wakidai zakata herpesi kabisa, na wale wanaoandika kombe kwa zafarani na kumnywesha mwanamke ili "itoke", hao wala mali za watu kwa batili. Hakuna mpaka leo dawa iliyoweza kuvitoa virusi hivi, na mwenye kusema anayo na apime mbele ya matabibu, tuone.

Na mwenye kujua kwa yakini kuwa anayo, lazima amweleze mwenzake wa ndoa. Mtume amekataza kuwachanganya ngamia wagonjwa na wazima, na amekataza kudhuru na kulipizana madhara. Wakati wa vidonda wajitenge mpaka vipone. Kumweleza mwenzako si kukiri zinaa, wala mwenye kuambiwa hana haki ya kuuliza "ulipata kwa nani?" Mambo yaliyopita, ikiwa yalikuwepo, ni baina ya mja na Mola wake. Katika Muwatta ya Imamu Malik imo khabari ya mtu aliyeposwa dada yake, akataja kwa mposaji kosa alilolifanya zamani, na Seyyidna Umar alipopata khabari alimkasirikia kaka huyo hata akampiga au akakaribia kumpiga. Alimkasirikia mwenye kufichua.

Ama kuvunja ndoa, maimamu wa Kishafi wamezihisabu aibu zinazompa mmoja wa wana ndoa hiari ya kuivunja: wazimu, ukoma, barasi, na zile za maumbile zinazozuia kuingiliana. Ibnul Qayyim ameipanua, akaiingiza kila aibu yenye kumkimbiza mtu na kuyazuia makusudio ya ndoa. Kwetu sisi, maradhi haya, ambayo wengi hawana habari nayo na watu huishi nayo miaka mingi wakazaa na kulea, hayafiki daraja hiyo. Akiwapo aliyeficha kwa kusudi maradhi yenye kumuumiza kila mara, na mwenzake akadhurika, na aende mbele ya Kadhi na matokeo yaliyothibitishwa, wala asiende barazani. Talaka iko mikononi mwa mume, hilo tunalijua. Lakini kutaliki ni jambo moja, na kutaliki huku ukisema kwa nini, kwa neno usiloweza kulithibitisha, ni jambo jengine.

Tumeulizwa pia na baadhi ya wazee: je, tudai karatasi ya herpesi kabla ya kufungisha nikaha? Jawabu yetu ni hapana. Kupimana damu kabla ya ndoa ni jambo jema na tumelihimiza mara nyingi. Saudia imelifanya sharti tangu mwaka 2004 kwa maradhi ya damu kama selimundu, na mwaka 2008 ikaongeza ukimwi na maradhi ya ini ya B na C, herpesi haimo. Sisi wa pwani twajua selimundu inavyowaumiza watoto wetu, na ndoa za binamu kwa binamu ni nyingi. Basi wachumba wapimwe selimundu, na ukimwi, na ini la B ambalo lina chanjo yake, na kaswende ambayo ina dawa ya kuiponya. Hivyo ni vipimo ambavyo jibu lake lina la kufanywa. Kipimo kisichoaminika, cha ugonjwa usiotoka, kwa mtu asiyeumwa, hakitazaa ila wachumba wawili waliotengana na wazazi wawili wasiosemezana.

Na yule kijana tumemwambia amrejeshe mkewe, amtake radhi yeye na wazazi wake mbele ya wale wale waliosikia tuhuma, na wakitaka kujua wapimwe wote wawili, pamoja, siku moja, kwa kipimo chenye kutenganisha aina, na matokeo yakifunguliwa awepo tabibu wa kuyasoma.

Limebaki suala dogo la mwenye kutolewa damu ya kupimwa mchana wa Ramadhani. Katika madhehebu yetu ya Shafi saumu yake ni sahihi, kwani kilichotoka mwilini kwa njia hiyo hakifunguzi, kama kupiga chuku. Akikhofia kudhoofika na aende baada ya kufuturu, kwa kuwa baadhi ya maabara hufunguliwa usiku. Majimaji yatokayo katika malengelenge yasamehewa katika nguo ikiwa ni kidogo, na mwenye nayo aswali wala asiiache jamaa. Wallahu aalam.